Neno "charge" mu Kiingereza: kulipisha, kushitaki, kupewa kazi, na mitego yake

Kiingereza si lugha yetu ya ofisi. Hata hivyo kinatufikia kila siku: kwenye mifuko ya unga ya musaada, kwenye fakture ya bidhaa inayotoka Dubai, kwenye karatasi ya hospitali ya Kampala, kwenye telefone, na kwenye maamuzi ya CPI kule La Haye ambayo yanatangazwa mu habari. Kati ya maneno ambayo watu wanayauliza mara kwa mara, "charge" iko ya mbele. Mumoja anaikuta kwenye bili, mwingine kwenye karatasi ya ndugu aliyekamatwa inje ya inchi, na kila mumoja anarudi na maana yake.

Ugumu wake ni kwamba tunafikiri tunaijua tayari. Tuko na "charge" ya Kifaransa, tuko na "chargé de programme", tuko na "prise en charge", tuko na telefone ya kusharje. Kwa hiyo mutu anaona neno, anachukua maana ya Kifaransa, anaendelea na njia. Mara ingine anaangukia sawa. Mara ingine anaangukia mubaya kabisa, na kama ni mambo ya korti ao ya hospitali, kosa hilo linaweza kuharibu jina la mutu ao kumupotezea pesa.

Kwanza matamshi. Waingereza wanasema "chaaj", na "ch" ya chai. Wafaransa wanasema "sharj". Ndiyo maana hapa kwetu tunasharje telefone, na ndugu zetu wa Tanzania na Kenya wanachaji simu. Ni neno lile lile, limepita milango miwili.

Muzigo juu ya gari

Mu Kilatini "carrus" ilikuwa gari la magurudumu, na kutokea hapo wakapata "carricare", yaani kupakia muzigo kwenye gari. Kifaransa cha zamani kilifupisha neno hilo likawa karibu na "charger" ya leo. Mu mwaka 1066 Wanormani, watu wa kaskazini ya Ufaransa, waliteka Uingereza, na kwa karne nyingi wakubwa wa kule walitumikisha Kifaransa mu korti na mu serikali. Hivyo njo "charge" iliingia mu Kiingereza, pamoja na maneno mengine mengi ya sheria. "Cargo" na "car" ziko ndugu zake. (Neno letu gari, hapana. Hilo lilitoka India, na kufanana kwao ni bahati tu.)

Ukishika picha ya muzigo, maana nyingi zinafunguka zenyewe. Batri unaipakia umeme. Mununuzi unamupakia deni. Mushitakiwa unamupakia kosa. Mufanyakazi unamupakia kazi. Wazee wanaosema "wamenibebesha hii kesi" wanasema karibu kitu kile kile ambacho Kiingereza kinasema, bila kujua Kiingereza.

Anayelipisha na anayelipa

Maana ya kila siku ni kulipisha, ao kutoza. "They charged me ten dollars" ni "walinilipisha dola kumi". Hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko Kifaransa, kwa sababu kulipa na kulipisha viko mti mumoja, ni mwisho tu unabadilika. Muuzaji njo anafanya "charge", mununuzi njo anafanya "pay". Wale wanaoanza kusema Kiingereza wanageuza mara nyingi: mugonjwa anasema "I charged the doctor ten dollars" akitaka kusema alimulipa munganga dola kumi. Mwenye kumusikiliza anaelewa kwamba mugonjwa njo alimulipisha munganga, na anashangaa.

"Free of charge" ni bure. "No charge" pia ni bure. Tunasisitiza hapa juu ya Kifaransa: kwetu "à votre charge" maana yake wewe njo utalipa, na mutu akiona neno "charge" kwenye karatasi ya ONG anaweza kufikiri kuna kitu cha kulipa. "This service is free of charge" inasema kinyume. HCR, kwa mufano, inarudia kila mara kwamba huduma zake zote kwa wakimbizi ni za bure, hata mupango wa kupelekwa kuishi mu inchi ya tatu. Mutu akikuomba pesa ili aweke jina lako kwenye liste, na anakuonyesha karatasi ya Kiingereza yenye "charge" ndani, soma kama mbele ya "charge" kuna "free of". Tunajua kuna watu wanaishi kwa kutegemea kwamba mwenzao hatasoma.

Kwa wafanya biashara kuna "charges" zingine ambazo hazionekani kwenye bei. "Handling charges" ni malipo ya kushika na kuhamisha muzigo. "Storage charges" ni malipo ya kulaza muzigo mu depo. "Bank charges" ni yale ambayo banki inakata. Juu ya hii ya mwisho kuna jambo ambalo wafanya biashara wa Butembo, Goma na Bukavu wanapaswa kulijua. Pesa ikitumwa kwa banki kutoka inchi moja kwenda ingine, kwenye formilere kuna sehemu ya "charges", na ndani wanaandika moja ya alama tatu. "OUR" maana yake anayetuma atalipa makato yote. "BEN" maana yake anayepokea atalipa yote, yaani itakatwa kwenye pesa yenyewe. "SHA" maana yake wanagawana: anayetuma analipa banki yake, anayepokea analipa sehemu ingine. Kama mulipatana dola 5000 na zimefika pungufu, usikimbilie kusema mwenzako amekuiba. Umwombe kwanza karatasi ya banki, uangalie ni alama gani iliwekwa. Na mara ijayo mupatane alama mbele ya kupatana bei.

"Overcharge" ni kulipisha zaidi ya bei. Ni neno zuri la kujua kwenye soko la Kampala.

"Charged" si "amehukumiwa"

Hapa njo tunamuomba musomaji akae kidogo.

Mu korti, "to charge someone with" ni kumushitaki mutu kwa kosa fulani, kwa njia ya sheria, na kosa lenyewe linaandikwa kwa jina lake. "Charges", kwa wingi, ni mashitaka. "He was charged with murder" maana yake alishitakiwa kwamba aliua. Haisemi kama aliua. Kwa kusema kwamba korti imemukuta na hatia, Kiingereza kina neno lingine, "convicted". Kwa kusema kwamba korti imemaliza kesi na haikumukuta na hatia, kina "acquitted". Kati ya "charged" na moja ya hayo mawili, miaka inaweza kupita.

Tuchukue kesi ambazo wote tunazijua. Thomas Lubanga alipelekwa La Haye mu Machi 2006. Majaji walikubali mashitaka juu yake tarehe 29 Januari 2007. Kesi yenyewe ilifunguliwa tarehe 26 Januari 2009. Korti ilimukuta na hatia tarehe 14 Machi 2012, ya kuingiza watoto wa chini ya miaka 15 mu kundi la silaha na kuwatumikisha mu mapigano, na nyuma ya hapo akapewa miaka 14 ya gereza. Kwa hiyo zaidi ya miaka mitano alikuwa "charged" bila kuwa "convicted". Gazeti la Kiingereza la mwaka 2008 likiandika "charged with enlisting children", halikuwa linasema kwamba alifanya. Lilisema kwamba ameshitakiwa.

Kesi ya Bogoro inaonyesha hilo wazi zaidi. Mathieu Ngudjolo na Germain Katanga walishitakiwa pamoja juu ya shambulio la kijiji hicho cha Ituri, tarehe 24 Februari 2003. Wote wawili walikuwa "charged", na kwa mashitaka yale yale. Tarehe 18 Desemba 2012 Ngudjolo alikuwa "acquitted": majaji waliona ushahidi hautoshi kumufunga. Tarehe 7 Machi 2014 Katanga alikuwa "convicted", lakini si kwa yote. Alikutwa na hatia juu ya mauaji, kushambulia raia, kuharibu mali na kupora. Juu ya ubakaji, utumwa wa ngono na kutumikisha watoto mu vita, hakukutwa na hatia. Neno moja la mwanzo kwa watu wawili, na miisho tofauti.

Na kuna wale ambao hawakufika hata kwenye kesi. Callixte Mbarushimana alikamatwa Ufaransa mu Oktoba 2010 juu ya makosa yaliyosemekana kufanyika mu Kivu mu 2009. Mu Desemba 2011 majaji walikataa mashitaka, na akaachiliwa. Wengi huku walisikia tu "aliachiliwa" na wakasema korti imemusafisha. Hapana, hakuna kesi iliyofanyika. Majaji walisema kwamba kile ambacho mwendesha mashitaka aliwaletea hakitoshi kufungua kesi.

Hatua hiyo inaitwa mu Kiingereza "confirmation of charges", na mu Kifaransa "confirmation des charges". Waandishi wengi wa habari wanaitafsiri "kuthibitishwa kwa mashitaka". Kwa kamusi ni sawa. Kwa sikio la mama anayesikiliza redio akiwa shambani, ni hatari. Mu Kiswahili chetu kuthibitisha jambo ni kuonyesha kwamba ni kweli. Ukisema "majaji wamethibitisha mashitaka juu ya fulani", watu wanasikia kwamba majaji wamesema ni kweli alifanya. Tumesikia watu wakisherehekea, na wengine wakilia, kwa sababu ya neno moja ambalo maana yake ilikuwa ndogo kuliko hiyo. Kwa maoni yetu, ni vizuri kusema: "majaji wamekubali mashitaka yaende mu kesi". Ni maneno mengi zaidi, lakini hayamuhukumu mutu mbele ya wakati.

Mukataba wa Roma, ambao njo ulianzisha korti hiyo, unaweka ngazi tatu. Ili kutoa hati ya kumukamata mutu, majaji wanapaswa kuona sababu za kuridhisha za kuamini kwamba alifanya kosa. Hiyo ni kifungu cha 58. Ili kukubali mashitaka yaende mu kesi, wanapaswa kuona sababu za nguvu zaidi. Kifungu cha 61. Ili kumukuta na hatia, wanapaswa kuwa na uhakika usioacha shaka ya maana. Kifungu cha 66. "Charges" zinakaa kwenye ngazi ya kati. Ngudjolo alipanda ngazi mbili za kwanza, hakupanda ya tatu. Mbarushimana aliishia kwenye ya kwanza.

Upande wa pili wa neno hili unagusa wahanga, na ni mara chache unasemwa. Korti haihukumu kitu ambacho hakiko ndani ya "charges". Mu kesi ya Lubanga mashahidi walisema mbele ya majaji juu ya wasichana waliobakwa ndani ya makambi. Lakini mwendesha mashitaka hakuwa ameweka ubakaji kwenye mashitaka, kwa hiyo Lubanga hakuweza kukutwa na hatia juu yake, na majaji wenyewe walimulaumu mwendesha mashitaka. Mu kesi ya Bosco Ntaganda ilikuwa tofauti: mashitaka yalikuwa 18, na ndani yake mulikuwa ubakaji na utumwa wa ngono, hata juu ya watoto waliokuwa ndani ya kundi lake lenyewe. Tarehe 8 Julai 2019 alikutwa na hatia ya yote 18, akapewa miaka 30. Kwa hiyo mutu akisoma "he is charged with...", asiishie kwenye jina la mutu. Aendelee kusoma orodha, aone kama kile kilichomufikia yeye ao jamaa yake kiko ndani.

Hapa kwetu sheria inasema Kifaransa. Mbele ya korti mushitakiwa anaitwa "prévenu", na nyuma ya hukumu anaitwa "condamné". Katiba ya Februari 2006, kifungu cha 17, inasema kila mushitakiwa anahesabiwa kuwa hana hatia mpaka hukumu ya mwisho itoke. Lakini angalia mutego mwingine: mu Kifaransa cha korti "témoin à charge" ni shahidi anayemulemea mushitakiwa, na "témoin à décharge" ni yule anayemusaidia. Ukihamisha hiyo moja kwa moja mu Kiingereza na kusema "witness in charge", utakuwa umesema shahidi mwenye kusimamia kazi. Kiingereza kinasema "prosecution witness" na "defence witness".

Ndugu akikamatwa Uganda

Watu wetu wengi wako Uganda, kwa biashara ao kwa ukimbizi: Nakivale, Kyangwali, Kyaka, Rwamwanja, na Kampala yenyewe. Kule kesi inafanyika mu Kiingereza. Polisi ikimaliza uchunguzi wa kwanza, inaandika "charge sheet", karatasi ya mashitaka, ambayo inasomwa mbele ya hakimu. Katiba ya Uganda, kifungu cha 23, inaomba mutu apelekwe korti mbele ya saa 48 kupita tangu akamatwe. (Kwetu pia kifungu cha 18 kinaweka saa 48 kwa mutu aliyeshikwa na polisi. Karatasi zinafanana kuliko maisha.) Kifungu cha 28 kinasema mushitakiwa aelezwe kosa lake mu lugha anayoielewa, na apewe mutafsiri bila kulipa. Kwa hiyo kama "charge sheet" imesomwa na hakuielewa, ana haki ya kusema hajaelewa, na asijibu "guilty", yaani nina hatia, kwa ajili ya kumaliza haraka. Jibu hilo likitoka, korti inaweza kumuhukumu juu ya maneno yake mwenyewe, bila kumusikiliza shahidi.

Kwenye vituo vya polisi vya kule kunaandikwa mara nyingi "police bond is free". Ni ile barua ya kutoka kwa muda, na haiuzwi.

"Charged with": kosa ao kazi?

Huu ni mutego ambao hata watafsiri wazuri wanaanguka ndani. "Charged with" ina maana mbili zinazopingana. Ikifuatwa na kosa, mutu ameshitakiwa. Ikifuatwa na kazi, mutu amepewa madaraka. "The officer was charged with killing civilians" ni ofisa aliyeshitakiwa kwamba aliua raia. "The officer was charged with protecting civilians" ni ofisa aliyepewa kazi ya kulinda raia. Muundo ni mumoja, herufi karibu zote ni zile zile.

Fikiria sasa ripoti juu ya MONUSCO inayosema "peacekeepers charged with protecting civilians". Mutu anayesoma haraka na Kiingereza kidogo anaona "charged" na "civilians", na anaenda kuandika kwenye WhatsApp kwamba walinda amani wameshitakiwa juu ya raia. Mu eneo ambamo uvumi wa saa moja unaweza kutoa watu mu barabara na mawe, hii si mambo ya sarufi tu. Uangalie neno linalofuata "with". Kama ni kitu kibaya, ni mashitaka. Kama ni kitu kizuri ao cha kawaida, ni kazi.

"In charge" ni ndugu ya maana hiyo ya pili: mwenye kusimamia. "Who is in charge here?" ni "nani mukubwa wa hapa?" Kule Uganda musimamizi wa kituo cha afya wanamuita "in-charge" tu, kama vile sisi tunasema IT kwa infirmier titulaire. Lakini kuna neno dogo ambalo likiingia ndani linageuza kila kitu. "The aunt is in charge of the child": shangazi njo anamulea mutoto. "The child is in the charge of the aunt": mutoto yuko mikononi mwa shangazi, maana ile ile kutoka upande mwingine. Ukisahau "the" na kuandika "the child is in charge of the aunt", umesema kwamba mutoto njo anamusimamia shangazi. Kwenye fishi za watoto waliotengana na wazazi kosa hili linaweza kuingia kirahisi, na mutu wa ofisi ya mbali akisoma, ataandika kwamba nyumba hiyo inaongozwa na mutoto.

"Discharge": kushusha muzigo

Kama "charge" ni kupakia, "discharge" ni kushusha. Mu hospitali, "the patient was discharged" maana yake mugonjwa ameruhusiwa kurudi nyumbani. "Discharge form" ni ile tunayoita bilye ya sorti. Usiichanganye na décharge yetu. Décharge ya huku ni sahihi unayoweka kuonyesha kwamba umepokea barua ao kitu, ao karatasi ambayo jamaa wanasaini wakimutoa mugonjwa bila ruhusa ya munganga. Hiyo ya mwisho Kiingereza kinaiita "discharge against medical advice". Ukimuambia daktari wa Kampala "we signed a discharge" ukiwaza ile décharge ya kumutoa kwa nguvu, yeye ataelewa kwamba hospitali ya kwanza njo ilimuruhusu mugonjwa, na ataanza kumutibu kama mutu aliyekuwa amepona kidogo.

Kwenye karatasi ya uchunguzi, "discharge" peke yake ni kitu kingine: maji maji, usaha ao uchafu unaotoka mwilini, kwenye jeraha, mu sikio ao ukeni. Swali "Any discharge?" halimuulize mama kama anataka kurudi nyumbani.

Na mu korti za Uganda "discharged" ni kuachiliwa kwa mufano pale mashitaka yanapoondolewa mbele ya mushitakiwa kujitetea. Mutu anarudi nyumbani, anafurahi, na ni haki yake. Lakini si sawa na "acquitted". Aliyekuwa "discharged" hivyo anaweza kushitakiwa tena kwa kosa lile lile. Karatasi hiyo aitunze vizuri na aulize avoka wake ni neno gani limeandikwa.

Kurukia, na maana zingine

"To charge at" ni kurukia kwa nguvu, kukimbilia mutu ili kumupiga. Mbogo anafanya hivyo, tembo pia, na wakaaji wa pembeni ya Virunga hawahitaji kufundishwa hiyo na Kiingereza. Waongozaji wa watalii wanajua pia "mock charge": gorila dume anakimbilia watu, anapiga kifua, halafu anasimama mbele kidogo. Ni kutisha, hakuna kupiga. Anawaambia watalii wasikimbie, wajishushe chini na waangalie pembeni. Mutu akisikia "the gorilla charged us" asifikiri walilipishwa pesa ya kiingilio, ingawa kule Kahuzi-Biega na Virunga inalipishwa pia.

"Explosive charge" ni baruti iliyopangwa kupasuka. Neno hilo likiwa kwenye kisanduku ao chuma ambacho mutoto ameokota, usikiguse na ujulishe wenye mamlaka.

Na kwa kitenzi chenyewe hakuna shida: "charge", "charged", "charging", kinafuata kanuni. "Charged" inatamkwa "chaajd", kwa pigo moja tu. Wengi wetu tunaongeza "-edi" ya mwisho. Telefone ikiandika "charging", umeme unaingia. Ikiandika "charged", imejaa, uache wengine waweke yao. Ukifika kwa mwenye kibanda kule Mpondwe, unaweza kumuuliza "How much do you charge to charge a phone?" na ataelewa zote mbili: unalipisha ngapi kusharje telefone.